Milimita Sitini na Moja

Idara ya Hali ya Hewa
Chumba cha Rekodi
Tarehe 2 Februari

Kwa Mpimaji wa Kituo Namba 41,

Kaka Fundi Saa, salamu nyingi. Kadi yako ya mvua ya mwezi Januari imefika, imekunjwa vizuri kama kawaida, na nashukuru. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nikipokea kadi zako. Hatujawahi kuonana uso kwa uso, lakini mwandiko wako naujua kuliko ninavyoujua wa mke wangu, ambaye huniandikia orodha ya vitu vya kununua tu.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kadi tatu za mwisho zimeandikwa kwa mkono mwingine. Saba zake hazina kistari katikati. Hilo si kosa. Kosa, kama lipo, liko kwenye namba zenyewe. Tarehe 3 Desemba mmeandika milimita 77. Tarehe 16 Januari mmeandika 94. Kaka, kituo chako hakijawahi kuvuka 61 kwa siku moja tangu kifunguliwe, na hiyo 61 ni ya zamani.

Tafadhali kagua kama faneli imekaa sawa, kama hakuna bomba la paa linalomwaga maji karibu, na kama gilasi ya kupimia ni ile tuliyokupa sisi, si ya kunywea maji. Kagua pia kama hakuna mtu mwema anayekijazia kipimamvua ili kituo kionekane kina bidii. Usicheke. Kuna kituo kilituletea milimita 30 kila Jumamosi kwa mwaka mzima, hadi ilipojulikana kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kufua.

Nasubiri jibu lako.

Karani wa Rekodi


Dukani, tarehe 9 Februari

Mheshimiwa Karani,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa ya baba, lakini nimeifungua mimi kwa sababu kazi hiyo sasa naifanya mimi. Mwezi Oktoba baba alianguka uani akavunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma. Anatembea kwa fremu kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani, na kutoka kwenye kiti hadi kitandani. Uani hafiki. Kwa hiyo saba zisizo na kistari ni zangu.

Nimekagua yote. Juu ya faneli niliweka pimamaji niliyoazima kwa fundi mwashi, imekaa sawa. Ukuta wa karibu uko mita sita. Bomba la paa linamwaga upande wa pili wa nyumba. Gilasi ni yenu, ina namba yenu kwenye kitako. Inaishia milimita 25, kwa hiyo tarehe 16 niliijaza mara tatu, na ya nne ikafika 19.

Mimi ni fundi cherehani. Nikikosea kiuno cha mtu, suruali inarudi, na mwenyewe anarudi nayo akiwa amenuna. Nimezoea kupima mara mbili kabla ya kushika mkasi. Huku hakuna anayefua karibu. 94 ndiyo iliyonyesha. Njia ya mbele ya duka langu ilikuwa mto hadi saa sita mchana, na kama huamini, alama ya matope bado iko mlangoni.

Binti wa Fundi Saa


Chumba cha Rekodi
Tarehe 17 Februari

Binti yetu,

Marahaba. Pole kwa kuuguza, na umpe baba pole zangu. Mwambie nyonga haina haraka. Ya kaka yangu ilichukua mwaka.

Sasa nikueleze kwa nini nakusumbua. Chini ya barabara inayopita mbele ya zahanati yenu kuna kalavati, yale mabomba mawili ya zege yanayopitisha maji yanayoshuka kutoka juu. Yamepasuka kwa uzee. Mhandisi wa barabara anataka kuyabadilisha. Ukubwa wa kalavati haupangwi kwa mvua ya kila siku, unapangwa kwa siku mbaya kuliko zote. Alituuliza siku mbaya kuliko zote ya kituo 41, tukamjibu: 61.

Si mara ya kwanza kuulizwa. Miaka mitano iliyopita wakazi wa huko waliandika maombi wakitaka kalavati kubwa. Tulifungua kadi za baba yako, tukajibu kwamba mvua ya huko haijabadilika, hakuna haja. Vituo vingine vyote vya upande huu vinapanda na kushuka kama joto la mgonjwa: mvua inachelewa wiki tano, halafu inashuka yote kwa siku mbili. Kituo 41 peke yake kimetulia. Mkuu wa idara hukitaja kwenye mikutano.

Namba zako nimeziandika kwa penseli, pembeni, hadi nijiridhishe. Sikuiti mwongo. Ninachoomba ni daftari za baba yako. Najua huandika daftarini kwanza ndipo anakili kwenye kadi. Nitumie za miaka kumi ya mwisho nilinganishe. Nitazirudisha salama.

Karani wa Rekodi


Tarehe 1 Machi

Mheshimiwa Karani,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Anasema nyonga haimsumbui, kinachomsumbua ni kukaa.

Daftari siwezi kuzituma kwa sasa. Ziko kwenye sanduku lake la vyombo vya saa na ufunguo anao mwenyewe. Anasema daftari haziondoki nyumbani.

Kadi ya Februari imo humu. Mvua ilinyesha siku nne tu. Jumla ni 112, na 70 kati ya hizo zilishuka siku moja, kati ya saa nane na saa kumi.

Kalavati litaanza kujengwa lini? Na mabomba yatakuwa ya ukubwa gani?

Binti wa Fundi Saa


Chumba cha Rekodi
Tarehe 8 Machi

Binti yetu,

Marahaba. Umejibu yote isipokuwa nililouliza. Sikulaumu. Nina miaka thelathini ofisini na najua barua inavyoweza kulila jambo kutoka pembeni kama uji wa moto.

Mabomba ni mawili, upana sentimita tisini kila moja, na yameshaagizwa. Kazi itaanza mwezi Mei mvua zikipungua.

Mimi nastaafu mwisho wa mwaka huu. Kazi yangu ya mwisho ni kitabu cha vituo vilivyodumu, na kituo 41 nimekiweka ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo mtu akininyima daftari zake, nami nanuna kidogo. Kama kuna jambo, liseme.

Karani wa Rekodi


Dukani, tarehe 20 Machi

Mzee Karani,

Shikamoo. Naiandika barua hii kwenye meza ya kukatia, kati ya cherehani na pasi, kwa sababu nyumbani siwezi.

Ufunguo wa sanduku hana baba. Ninao mimi. Daftari nilikuwa nimeshazisoma zote kabla sijakuandikia tarehe mosi. Nilikudanganya, nisamehe.

Miaka kumi na tisa ya kwanza inapendeza. Namba ni ndogo kama ufuta, na kila mstari una maelezo: upepo umetoka wapi, mvua imeanza saa ngapi, faneli imesafishwa. Baadaye maelezo yanapungua. Kisha namba zinakuwa kubwa na kuanza kutoka nje ya mistari. Kisha nikaona jambo ambalo fundi cherehani huliona haraka, maana sisi hukata nguo mpya kwa kulalia juu ya ile ya zamani. Aprili ya miaka saba iliyopita ni Aprili ya miaka kumi na miwili iliyopita. Siku zilezile za mvua, namba zilezile, mbili tatu zimebadilishana nafasi. Mei hivyohivyo. Novemba hivyohivyo. Nimefuatilia hadi Oktoba alipoanguka. Ni miaka saba.

Nilimuuliza. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani.

“Baba, namba za hii daftari ulizipima?”

“Nilikwenda kwenye kipimamvua kila siku saa tatu. Muulize jirani yeyote.”

“Najua ulikwenda. Nauliza kama ulisoma.”

Akaniuliza: “Mara ya mwisho umeniona nasoma gazeti ni lini?”

Gazeti nimekuwa nikimsomea mimi, kwa sababu aliniambia anapenda kunisikia nikisoma. Na saa zilipoacha kuja dukani kwake nilidhani ni hizi simu, kila mtu ana saa mfukoni. Kumbe zilikuwa zinakuja, alikuwa anazirudisha. Anasema mistari ya gilasi hajaiona miaka saba.

“Kwa nini hukusema?”

“Wangekihamisha kituo. Ningebaki na kipi cha kuniamsha?”

“Kwa hiyo uliandika tu.”

“Mvua ya hapa naijua, mwanangu. Nimekaa nayo miaka yote hii. Nikiisikia kwenye bati najua ni kiasi gani.”

Alinisihi nisikuambie. Sikukubali, na sikukataa. Nilikwenda kumletea chai.

Yale maombi ya kalavati kubwa, ya miaka mitano iliyopita, nilitia saini mstari wa nne. Baba ndiye aliyeniazima kalamu.

Tafadhali mwambie mhandisi kabla hajaweka mabomba.

Binti wa Fundi Saa


Idara ya Hali ya Hewa
Tarehe 28 Machi

Kwa Mpimaji wa Muda, Kituo Namba 41

Barua yako ya tarehe 20 Machi imepokelewa na kusomwa. Yaliyomo yamezingatiwa. Suala linashughulikiwa kwa kufuata taratibu.

Unaombwa kuendelea kupima kila siku saa tatu kamili asubuhi na kutuma kadi mwisho wa mwezi.

Karani wa Rekodi


Tarehe 14 Aprili

Mheshimiwa Karani,

Mvua ya tarehe 11 Aprili: milimita 118. Ilianza saa saba mchana, ikakatika saa kumi na mbili kasoro. Nilipima kesho yake saa tatu. Gilasi nne zilijaa, ya tano ikafika 18.

Mabomba yalizidiwa saa nane na nusu. Baada ya hapo maji yalivuka barabara na kuingia zahanati kwa mlango wa nyuma. Ghala la dawa liko chini, maji yakafika rafu ya tatu. Friji ya chanjo ilielea. Muuguzi mkuu aliteleza akiokoa maboksi, amevunjika mkono. Wagonjwa walibebwa hadi ghorofa ya duka la vifaa vya ujenzi, wakalala juu ya magunia ya saruji.

Mlinzi wa zahanati alikuwa ameshatoka. Alirudi kufungua geti la nyuma ili maji yapate pa kutokea. Geti alilifungua. Yeye alipatikana siku ya pili, mita mia mbili chini, kwenye uzio wa shule.

Alikuwa mteja wangu. Suruali zake za sare humfikia zikiwa kubwa, napunguza kiuno. Ya mwisho imeshapigwa pasi, inaning’inia dukani na karatasi yake.

Mhandisi alikuja jana na kamba zake. Nilimuuliza ataongeza kiasi gani baada ya taarifa yenu. Akaniuliza, “Taarifa gani, dada?”

Nina swali moja tu. Barua yangu iko wapi?

Binti wa Fundi Saa


Nyumbani kwangu, tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa kwenye droo yangu ya chini, chini ya kalenda za zamani. Niliitia humo siku niliyokujibu na imekaa humo hadi juzi.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kumsitiri baba yako. Si kweli. Miaka sita iliyopita, siku ambayo kadi yake ilisema 40, kituo namba 38 kilisema 88. Kituo 38 kiko shule ya ufundi, kilomita kumi na mbili tu kutoka kwenu. Nilimwandikia baba yako kumuuliza. Alinijibu mstari mmoja: “Mvua ya huku si ya huko.” Jibu lilinifurahisha. Niliwasomea wenzangu, tukacheka, nikaliweka kwenye faili. Mwaka uliofuata ikatokea tena mara tatu, na sikuuliza. Nilikuwa nimeshaandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba kituo 41 hakijabadilika, na taarifa hiyo ndiyo iliyojibu maombi yenu. Ukishaandika jambo na mkuu akalisifu, ni vigumu kurudi kulifuta. Barua yako ilipofika niliona wazi kwamba ikienda kwa mkuu, haiendi na baba yako peke yake.

Hata ningeipeleka siku ileile, mabomba mapya yasingekuwa ardhini tarehe 11. Najiambia hivyo kila asubuhi ninapovaa viatu. Ni kweli na hainisaidii. Kalavati lililohitajika ni lile la miaka mitano iliyopita.

Juzi niliingia kwa mkuu na barua zote.

“Umejua tangu lini?” aliniuliza.

“Nilishuku miaka sita. Kujua, tangu mwezi uliopita.”

“Na leo ndiyo unakuja.”

“Leo kuna mtu amezikwa.”

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akampigia mhandisi simu palepale, sauti ikiwa wazi ili nami nisikie. Mhandisi hakugomba. Alisema tu, “Basi nipeni namba nyingine. Nijengee ipi?” Hatukuwa nayo. Miaka kumi na tisa ya mvua ya zamani, miaka saba ya kukisia, na miezi yako sita. Mhandisi alisema miezi sita ni michache mno kujengea kitu cha miaka hamsini, ila amesimamisha mabomba hadi tumpe cha kushika.

Mimi nimepewa barua ya onyo na nimeondolewa kwenye kile kitabu. Ni haki yangu.

Najua sistahili kuomba kitu nyumbani kwenu. Lakini muulize baba: je, kuna siku yoyote katika miaka ile saba, hata moja, anayoikumbuka kwa hakika?

Karani


Nyumbani, tarehe 6 Mei

Karani,

Anaandika binti yangu, ninayesema ni mimi. Nimemwambia asinirembeshee.

Amenisomea barua zako zote na zake zote, kwa mpangilio. Tulianza baada ya chakula cha mchana hadi taa zikawashwa. Sikumkatiza.

Mke wa mlinzi alikuja kuniona kwa sababu niliomba aje. Nilimweleza. Aliniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo. Akaondoka bila kuaga. Sina neno juu ya hilo.

Sasa swali lako. Namna nilivyopima ni hii. Macho yalipokwisha nilishika gilasi kwa mkono wa kushoto, dole gumba limelala kwenye ukingo, namimina kwa wa kulia. Gilasi ikijaa, dole linalowa. Kwa hiyo gilasi zilizojaa nilizihesabu bila macho. Ile ya mwisho isiyojaa ndiyo sikuiweza, na hiyo nilijaza kwa kukisia na daftari za nyuma.

Mwanzoni haikuwa taabu. Mvua nyingi za hapa hazijazi hata gilasi moja. Lakini zikaja siku ambazo dole lililowa mara tatu, mara nne. Karani, mvua ya gilasi nne haikuwahi kunyesha hapa. Nilisimama pale uani, maji yananichuruzika kiwikoni, nikajiambia: umemimina maji yaleyale mara mbili, umesahau hesabu, umezeeka. Nikaandika 58. Siku nyingine 60. 61 sikuivuka, kwa sababu 61 niliisoma na macho yangu mazima, mwaka binti huyu alipoanza shule.

Nilitengeneza saa miaka arobaini. Mtu akikuletea saa mbili zisizokubaliana, huulizi jua limekwenda wapi, unauliza ni saa ipi mbovu. Mimi nilijua mbovu ni ipi. Nilidhani kilichoharibika ni mimi peke yangu.

Siku ninazozikumbuka ni sita. Siku moja kabla ya kumzika mke wangu, gilasi nne na kitu. Siku ukuta wa tanuri la mikate ulipoanguka, gilasi nne. Siku shule ilipofungwa kwa maji, tatu na karibu ya nne kujaa. Nyingine tatu binti yangu ameziandika nyuma ya karatasi hii, pamoja na tarehe na uongo nilioandika siku hiyo. Kwa kila moja nimemtajia jirani wa kumuuliza, ili msinitegemee mimi.

Sikuombi unitetee kwa mkuu wako.

Fundi Saa


Chumba cha Rekodi
Tarehe 28 Juni

Kaka Fundi, na mwanangu,

Siku tano kati ya sita zimekubaliana na kituo 38. Ya sita wao hawakupima, mpimaji wao alikuwa harusini. Mwenye tanuri la mikate alitupatia picha aliyoipiga siku ukuta ulipoanguka. Mwalimu mkuu wa shule alitupatia barua ya kufunga shule, ina tarehe na saa.

Mhandisi alikaa nazo wiki tatu. Aliziweka namba zako pamoja na za binti na za kituo 38, akazichora kwenye karatasi moja. Mkuu alituita wote tutazame. Mvua ya mwaka mzima haijaongezeka sana, kaka. Ni ileile karibu. Ila zamani iligawanywa kwa siku tisini, na sasa siku arobaini na tano zinaibeba yote. Ndiyo maana sikio lako halikukosea sana kwa mwaka, likakosea kwa siku.

Mabomba yamepelekwa kwingine. Hapo kwenu litajengwa kalavati la zege la mraba, upana mita tatu, kimo mita mbili. Diwani wenu amelalamika kwamba ni kubwa mno, linaonekana kama nyumba ya kupangisha. Mhandisi amemjibu aje nalo hilo neno mvua ikinyesha. Ghala la dawa linahamia ghorofani, na geti la nyuma la zahanati litakuwa la kufunguka lenyewe maji yakilisukuma.

Jambo lingine. Mkuu ameagiza wapimaji wote waliovuka umri wa miaka sitini watembelewe na kupimwa macho, bila kumwondoa mtu. Asiyeona vizuri atapewa msaidizi na ataendelea kuitwa mpimaji. Kufikia sasa tumewatembelea tisa. Wawili walikuwa wakikisia. Mmoja alilia, mwingine alitukaribisha chakula kwanza.

Karani


Chumba cha Rekodi
Tarehe 3 Desemba

Mwanangu,

Nimepokea ujumbe wa mhandisi kuhusu mvua ya tarehe 24 Novemba. Anasema maji ndani ya kalavati yalibakiza shibiri moja kufika juu. Nilimuuliza kama amefurahi. Alisema shibiri moja si nafasi ya kulalia usingizi, na ameanza kupima mlima upande wa juu aone kama maji yanaweza kucheleweshwa huko kwa makinga ya udongo na miti kabla hayajashuka.

Nafunga meza yangu mwisho wa mwezi. Kazi moja imebaki. Miaka saba ya kituo 41 inafutwa kwenye rekodi, isipokuwa zile siku tano. Kurasa zitabaki tupu, lakini fomu inadai sababu, na sanduku la sababu ni dogo, halizidi maneno kumi. Kwa kawaida tunaandika “ugonjwa wa mpimaji”, au “kifaa kibovu”, au “sababu haijulikani”. Yoyote kati ya hizo itapita na hakuna atakayeuliza. Lakini hiyo karatasi itasomwa na watu ambao hawajazaliwa, na nisingependa kuandika kitu juu ya baba yako bila yeye kujua. Muulize anataka ipi.

Karani wa Rekodi


Nyumbani, tarehe 11 Desemba

Mzee Karani,

Shikamoo. Nilimsomea baba sababu zako tatu. Alizikataa zote.

“Kifaa kilikuwa kizima,” alisema.

“Ugonjwa je?”

“Ugonjwa ulikuwa wa macho. Gilasi nilizihesabu sawa.”

“Basi niandike haijulikani?”

“Inajulikana. Nimeisema mwenyewe.”

Nilimwacha nikaenda dukani. Niliporudi alikuwa palepale dirishani na hakuwa amegusa chakula. Alisema ameipata, na kwamba ni maneno manne, kwa hiyo sanduku litatosha na nafasi itabaki. Akanitaka niandike mbele yake na nimsomee nilichoandika, mara mbili. Ni hivi:

“Mpimaji alihesabu sawa, hakuamini.”

Baada ya hapo alikula.

Kadi ya Novemba imo ndani ya bahasha. Tarehe 24 nimeipigia mstari chini, ni 126, nimeisoma vizuri. Tangu Desemba ianze hakujanyesha.

Uwe na mapumziko mema.

Binti wa Fundi Saa
Mpimaji, Kituo Namba 41